Mbao Tatu Zinazoruhusiwa Kulia

Ijumaa tarehe 29 Mei, saa tisa alasiri, Fundi Gudbrand Haugsdal atatundika funguo zake ofisini na kustaafu, baada ya kuitunza Nyumba ya Lyngtun, makazi ya wasioona, kwa miaka thelathini na mmoja na miezi kumi. Yeye mwenyewe anadai ni miezi kumi kasoro siku tatu, na ameniomba niandike hivyo ili asionekane anasifiwa kwa siku ambazo hakufanya kazi. Haya, nimeandika. Sasa aniache na mimi niseme yangu.

Solveig, meneja wetu, alinikabidhi wasifu huu akisema kwamba mpishi ndiye anayewajua watu. Kwa Gudbrand hilo halinisaidii hata kidogo. Tangu siku ya kwanza anakuja na mkate wake wa jibini ya kahawia uliofungwa kwa karatasi, anaula saa tano kamili mlangoni pa karakana, kisha anaikunja ile karatasi aitumie tena kesho. Mimi napika nyama ya kondoo na kabichi inayowatoa watu vyumbani bila kengele. Yeye hunusa, husifu, kisha hurudi kwenye mkate wake. Nimemsamehe, ila sijasahau.

Alikuja kwetu Agosti 1994, kijana wa miaka thelathini na mitano, akitokea kwenye kazi ya kuezeka mapaa. Alikuja na kisanduku kimoja cha zana na imani moja, kwamba kilichofungwa kwa mkono hufunguliwa kwa mkono, na hakuna kitu cha kutupwa. Mashine yetu ya kahawa ameifufua mara kumi na moja. Mwaka 2003 aliitengeneza kengele ya mlangoni kwa ustadi mkubwa hata ikawa kila mgeni akiibonyeza, king'ora cha moto kinalia, na sisi sote tunajikuta tumesimama kwenye theluji tukiwa na soksi tu. Hilo nalo alilirekebisha, baada ya wiki mbili.

Mgeni anayemwona akipita kibarazani hudhani ana goti bovu. Anatembea vizuri, mara anatupa mguu mbele kama korongo, anaendelea, anautupa tena. Si goti. Ili mtu aelewe, inabidi nianze na kosa kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya hapa.

Kibaraza chetu cha mbao kiko upande wa kusini, kinatazama ghuba, na kwa mvua za pwani hii kimekuwa kikiloana kwa miaka mingi kuliko kilivyokauka. Wakazi wetu hawaoni, au wanaona mwanga tu. Mei ya kwanza ya Gudbrand hapa, mwaka 1995, alikuta kibaraza kinalia ovyo kila kinapokanyagwa, akaona aibu kwa niaba ya ufundi. Alipigilia misumari iliyolegea, akaweka kabari chini ya kila ubao uliocheza, na kufikia Jumamosi jioni kibaraza chote kilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Katika nyumba nyingine yoyote angepewa zawadi.

Asubuhi iliyofuata akatoka Bi. Borghild Nesse. Borghild alifanya kazi ya kuunganisha simu mpaka macho yalipozima, na hadi leo humtambua mtu kwa anavyovuta pumzi kabla ya kusema. Alitoka na kikombe chake cha kahawa, bila fimbo, kama alivyofanya kila siku, akatembea moja kwa moja mpaka akajikuta chini ya ngazi, ndani ya kichaka cha waridi. Alitoka na mikwaruzo tu, namshukuru Mungu, lakini kahawa ilimwagika, na Borghild hakuwa mtu wa kumwagiwa kahawa. Akaenda karakana akiwa bado na majani kwenye nywele.

"Kijana, ni wewe uliyezinyamazisha mbao zangu?"

Gudbrand akajibu ndiyo, tena kwa fahari.

"Basi zirudishie ulimi."

Hivyo ndivyo fundi wetu alivyojifunza kwamba mlio anaouona kasoro ndiyo njia ya mwenzake. Mbao zilikuwa tatu. Wa kwanza, karibu na mlango, hulia kwa sauti nyembamba, na wakazi huuita Panya. Wa pili uko pale unapogeukia mezani, nao ni Bukini, kwa sababu hulia kama bata bukini aliyekanyagwa. Wa tatu uko hatua moja kabla ya ngazi. Huo huitwa Mzee, maana hukohoa kwa kifua kizito, na kanuni ya nyumba ni kwamba Mzee akikohoa, unasimama. Gudbrand alizilegeza mbao zote tatu akiwa amepiga magoti, Borghild amesimama kando yake akipima kwa mguu. Tangu siku hiyo yeye mwenyewe hazikanyagi. Anasema zile sauti ni za wenye nyumba, na mfanyakazi akizikanyaga ovyo anadanganya watu. Ndiyo maana ya ule mwendo wa korongo.

Kila majira ya kuchipua lilirudi swali lilelile, tutengeneze kibaraza au tubomoe tujenge upya. Na kila mwaka Gudbrand alilijibu kabla halijaulizwa. Aliingia chini ya kibaraza na bisibisi, akachoma boriti moja baada ya nyingine, na ile iliyomsukuma mkono aliiambia asante. Nimemsikia kwa masikio yangu. Palipolegea alikata, akaunga, akapaka lami, tukanywa kahawa juu yake mwaka mwingine.

Machi mwaka huu bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini. Ilikuwa boriti iliyo chini ya Mzee. Akachoma ya jirani, nayo ikazama. Nilimwona kutoka dirisha la jikoni, ameketi kule chini kwenye unyevu bila kufanya lolote, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu saa tano ilipita mkate haujafunguliwa.

Solveig aliitisha kikao. Alikuja na muuzaji mmoja aliyebeba vipande vya mbao za plastiki, akatueleza kwamba haziozi, hazitoi vibanzi, na hazitatoa mlio milele. Hilo la mwisho alilisema akitabasamu, na akashangaa hakuna aliyetabasamu naye. Sote tulimgeukia Gudbrand. Mtu aliyefufua mashine ya kahawa mara kumi na moja angekubali vipi kubomoa? Mimi nilishajiandaa kumuunga mkono.

Gudbrand akasema kibomolewe chote, ila kijengwe tena kwa mbao za miti. Solveig akamuuliza kama amelifikiria suala la Borghild.

"Ndilo ninalolifikiria," akasema. "Heri aninunie akiwa amesimama kuliko anisamehe akiwa kitandani."

Alikwenda kumwambia mwenyewe, hakutuma mtu. Borghild, ambaye sasa ana miaka themanini na minne na bado anamwita kijana, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Umengoja siku zako za mwisho ndipo unitie upofu," akafunga mlango.

Zile hatua za asubuhi, peke yake, bila fimbo wala mkono wa mtu, ndizo kitu pekee ambacho Borghild hajawahi kukiombea msaada. Wiki nne na zaidi hakutoka nje. Kahawa yake niliipeleka chumbani, na kila nilipotoka humo nilimkuta Gudbrand kwenye ujia akijifanya anakagua taa.

Jumamosi ya tarehe 25 Aprili tuliitana kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea, kama desturi. Wakaja ndugu wa wakazi, majirani, hata kasisi akaja na mtaimbo wake. Tulipobomoa, tuliona kwamba mbao za juu nyingi zilikuwa nzima, ila boriti zilikuwa zimegeuka unga. Gudbrand alizitenga zile tatu, akaweka misumari yake iliyopinda kwenye kopo la kahawa. Tulimcheka. Kufikia Jumamosi ya tatu kibaraza kipya kilikuwa kimesimama, cha manjano na kinanukia msonobari, na katikati yake mbao tatu za kijivu. Alizikaza kwa skrubu mpya, akajaribu kwa mguu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Zikawa kimya.

Ilibaki wiki moja kabla ya sikukuu ya taifa, tarehe 17 Mei, ambayo tangu zamani tunaifungulia kibarazani. Gudbrand alilegeza skrubu, mbao zikagongagonga. Aliweka kabari, akapaka sabuni, akaweka chokaa. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kunyamazisha milango ya watu alishindwa kuufanya ubao mmoja useme. Siku ya kwanza tulicheka. Siku ya tatu hakuna aliyecheka tena, maana tulimwona anaanza kutembea kizee.

Alhamisi dirisha la Borghild likafunguliwa.

"Kijana, huyo bukini wako ana mafua."

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa Gudbrand kwa muda wote huo. Akatoka na fimbo, akasimama juu ya ubao, akauminya kwa kisigino, akainamisha kichwa.

"Ubao haujawahi kulia," akamwambia. "Kinacholia ni msumari ndani ya tundu lake. Umeitupa misumari yangu?"

Gudbrand alikwenda karakana akikimbia, na hilo nalo sijawahi kuliona. Akarudi na kopo. Akaichagua misumari mmoja mmoja, akairudisha kwenye matundu yaleyale ya zamani, Borghild akiwa kando yake kama mwaka 1995, sasa wote wawili na mvi. Panya alijibu kabla ya chai. Bukini alipona mafua jioni ileile. Mzee ndiye aliyetusumbua mpaka Jumamosi, kwanza alipiga chafya badala ya kukohoa. Mlio ulipotoka sawasawa, Borghild alisema tu kwamba amechoka anataka kulala, na nilipomsindikiza ndani niliona ameiacha fimbo yake imeegemea ukuta wa nje.

Asubuhi ya tarehe 17 tulikuwa wote kibarazani na bendera na mavazi ya asili, mayai mezani, watu wameshika vikombe bila kunywa. Borghild akatoka peke yake. Panya akalia. Bukini akalia. Gudbrand alikuwa amesimama chini ya ngazi, mikono ameitanguliza mbele kama anayengoja kudaka mtoto. Mzee akakohoa, Borghild akasimama, mkono wake ukashuka juu ya ukingo palepale unaposhukia siku zote, akanywa kahawa yake. Gudbrand aliirudisha mikono mfukoni. Nililia, na sioni haya kuliandika.

Eivind, atakayepokea kazi, ameshaonyeshwa kila bomba na kila waya. Kwenye mlango wa karakana amebandikiwa karatasi, ileile ya mkate, yenye mwandiko wa Gudbrand: Ukisikia mlio kibarazani, usirekebishe.

Nilimuuliza Borghild niandike nini kwa niaba ya wakazi. Akasema, "Andika kwamba miaka thelathini na mmoja sijawahi kumsikia akiondoka." Nilidhani anamsifu, nikaanza kuandika. Akanishika mkono, nikaelewa kwamba ni malalamiko.

Gudbrand, ahsante kwa kila ulichokifunga na kwa vitatu ulivyoviacha vimelegea. Tunakutakia mapumziko marefu, magoti yasiyolia, na kabla hujaondoka, sahani moja tu ya kondoo wangu wa kabichi. Na tuna ombi. Ijumaa saa tisa usitokee mlango wa mbele. Pitia kibarazani, kanyaga zote tatu kwa uzito wako wote. Madirisha ya upande wa kusini yatakuwa wazi. Nenda salama, ndugu yetu, na safari hii uende ukisikika.

Jorunn, jikoni