Mama Tela na Baridi Aliyoisafirisha

Dada yetu tunayemsindikiza leo, ambaye hata wakwe zake walimwita Mama Tela, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga. Mimi ninayewasomea ni mdogo wake, tuliachiana ziwa. Mama yetu aliuza maziwa. Siku za jua kali yaliganda kabla ya adhuhuri, nasi tukayanywa tumenuna. Dada alisema adui wa kwanza aliyemfahamu duniani ni joto.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha akapelekwa kujifunza ushonaji. Mwalimu wake alimrudisha kwa baba kwa maneno ya upole: “Mzee, binti yako ana akili, ila mikono yake haitaki sindano.”

Mwaka 1979 aliajiriwa katika kiwanda cha barafu, akawa mpakiaji. Aliipenda kazi hiyo, vidole vikifa ganzi, mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1988. Wakati huo alikuwa ameshaolewa. Walifunga ndoa tarehe 6 Oktoba 1984 na shemeji yetu, fundi wa kuchomelea, mtu wa maneno machache. Dada alipomwambia kwamba anataka pikipiki yenye tela, awapelekee wachonga mawe wa machimboni vinywaji baridi, shemeji alivua miwani yake ya kazi.

“Mke wangu, pikipiki si cherehani.”

“Na cherehani haifiki machimboni,” akajibu.

Shemeji akaunda tela. Juu yake wakaweka makasha mawili, kila moja bati ndani ya mbao, katikati wameshindilia maranda. Kasha moja la vinywaji, jingine la chakula, kwa sababu la soda hufunguliwa kila mara kama mlango wa duka, na la samaki halifunguliwi mpaka mwisho wa safari. Badala ya mabonge ya barafu yanayolowesha kila kitu, Dada aligandisha maji ya chumvi kwenye chupa. Juu alitandika gunia bichi, na popote aliposimama alitafuta kivuli cha tela kwanza, chake baadaye. Ukimgusia kifuniko bila sababu, mtagombana.

Ndiyo maana sisahau tarehe 9 Februari 1997. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Tulikuwa tunapeleka samaki wa harusi, njia imebaki ndefu, vinywaji vyote vimeshauzwa na barafu ya kasha lake imeyeyuka. Tukakuta basi limeharibika pasipo na mti wala nyumba. Mzee mmoja alikuwa amelala chini ya basi, ngozi imekauka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Mkewe alikuwa anampepea kwa kandambili.

Dada akashika komeo la kasha la samaki. Hakulifungua mara moja.

“Dada, samaki wa watu hao,” nikamwambia.

“Samaki wameshakufa,” akasema. “Huyu bado.”

Akatoa chupa zote. Akazifunga kwenye khanga yake, akamwekea mzee nyingine shingoni, nyingine kwapani, akamlowesha kwa gunia. Tulikaa hapo hadi mzee akamwita mkewe kwa jina na kumuuliza kwa nini analia.

Samaki walifika wananuka. Mama wa bibi harusi alimfokea mbele ya wageni, na Dada hakumtaja mzee yule. Alisema tu, “Baridi niliitumia kwingine. Nisamehe, mama.” Wageni wakala maharage. Wapishi wa sherehe walimkwepa kwa muda mrefu, na jambo hilo lilimuuma. Nisiwadanganye kwamba halikumuuma. Nyumbani, shemeji alisikiliza habari yote akiwa anakula, akanawa mikono, akarudi karakanani. Kabla ya wiki kwisha alikuwa ameongeza kasha la tatu, dogo, mbele ya tela. “Hili la watu,” akasema. Hakikuwahi kuuzwa kitu kutoka ndani yake.

Moyo wa Dada ulianza kuchoka mwaka 2019. Miguu ilivimba, daktari akamkataza pikipiki. Hata wodini alimwambia muuguzi, “Mwanangu, funga friji hiyo, baridi inakimbia!” Hapo shemeji, akiwa na mvi kichwa kizima, akajifunza kuendesha tela. Aliangusha mayai mara mbili, na Dada akacheka mpaka akakohoa.

Tarehe 3 Juni mwaka huu shemeji alitaka kubaki naye nyumbani. Dada akakataa: “Nenda. Maziwa hayamngoji mgonjwa.” Alasiri alirudi, akaketi kitandani bila kuvua koti.

“Yalifika baridi?” Dada akauliza.

“Yalifika.”

“Hukufungua njiani?”

“Sikufungua.”

Akamshika mkono, akafumba macho. Tulidhani amesinzia.

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto wa kiume mmoja, wajukuu saba, mimi mdogo wake, na wachonga mawe ambao leo wamezima mashine zao ili waje kumzika. Alichoka kwa kazi ya haki. Apumzike kwa amani.