Spana Fupi ya Fundi Thoya

Leo ni Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Fundi Thoya Charo anastaafu saa sita mchana, baada ya kufanya kazi miaka thelathini na minane katika gereji hii ya Malindi. Mimi ninayeandika ni mtunza stoo, na hesabu yangu ni nyingine: miaka thelathini na mitatu tangu nitoke Molo na mkoba mmoja na viatu visivyo na kamba. Thelathini na miwili kati ya hiyo nimeipitisha kwenye dirisha la stoo, nikimpa Thoya spana asubuhi na kuzipokea jioni. Ndiyo maana nimeombwa niandike wasifu huu usomwe kwenye sherehe. Nimekubali upesi, kwa kuwa ndani yake kuna jambo la kurekebisha.

Thoya alizaliwa karibu na Gede, katika nyumba ya wakulima wa nazi na mihogo. Alianza kazi Machi 1987, akiosha vyuma kwa mafuta ya taa nyuma ya gereji. Baada ya miaka miwili alikuwa akiweka ncha ya bisibisi juu ya injini na mpini sikioni, kisha anataja ugonjwa kabla mwenye gari hajamaliza kujieleza. Wavuvi wa Ngomeni walipomletea injini ya mashua juu ya mkokoteni, aliitengeneza kabla ya adhuhuri. Walimshukuru kwa nguru mzima, naye akamhifadhi stoo kwangu mpaka jioni. Kwa wiki nzima wateja waliniuliza kama tumeanza kuuza samaki.

Injini huzisemesha Kigiriama na wateja Kiswahili. Mimi alinifunza adabu. Nilishuka kutoka bara nikisema “leta spana” kama askari, naye alikuwa akinitazama tu, spana mkononi, mpaka niombe kama watu wanavyoomba.

Jina lake lilivuma kwa magari ya zamani, hasa kwa ugonjwa wao mmoja, wa kuvuja oili juu ya injini. Pale juu kuna kifuniko cha bati ambacho mafundi hukiita tapetikava, na chini ya ukingo wake hulazwa gasketi ili oili isitoke. Kikivuja, fundi wa kawaida hukaza bolti. Kikiendelea, hukaza zaidi. Thoya husema hapo fundi anapigana na bati, na bati linaumia bure. Linabonyea kwenye matundu ya bolti, ukingo unainuka kati ya tundu na tundu, na oili inapata njia pana kuliko ya mwanzo.

Yeye hukilaza kifuniko juu ya kioo cha dirisha kuukuu na kutafuta mwanga unaopenya chini ya ukingo. Palipobonyea hupagonga kwa nyundo ndogo na kipande cha mti mpaka mwanga uzibike. Hufuta oili yote, hubandika gasketi kwenye kifuniko kwa gundi, huiacha ishike. Bolti huzifunga kwa vidole kwanza, akianzia katikati kwenda pembeni, na mwisho kabisa huomba spana yake fupi. Mpini wake aliukata mwenyewe kwa msumeno, ili mkono wowote, hata wenye hasira, usiweze kukaza kupita kiasi. Katika daftari langu imeandikwa “spana fupi, ya Thoya”, na wageni wengi wamedhani imevunjika.

Tangu 2003 amekuwa mnyapara wetu. Amefundisha mafundi kumi na mmoja, na wawili wana gereji zao. Ningeweza kuishia hapo, lakini kila mfanyakazi hapa anasubiri habari ya harusi.

Mwalimu Baya alikuwa na gari jeusi la mwaka 1958, urithi wa baba yake. Agosti 1996 alilileta kwetu ili limpeleke binti yake Kahonzi kanisani Kikambala siku ya Jumamosi. Thoya alibadilisha gasketi Ijumaa alasiri. Walipopita Gede, oili ilianza kudondokea bomba la moshi, na kufika Kilifi moshi ulikuwa umejaa ndani. Bwana harusi alipiga chafya katikati ya kiapo. Shangazi mmoja alisema amehudhuria harusi nyingi ambako bibi harusi amefukizwa udi, ila hiyo ndiyo ya kwanza kufukizwa oili.

Jumatatu saa tatu Mwalimu Baya aliingia gereji, akakataa kiti. Alimwambia Bwana Owen, mwenye gereji, kwamba anataka jina la mtu mmoja, na mtu huyo aondoke leo. Tuliitwa wote. Thoya alivua kofia yake.

“Mwalimu,” alisema, “mkono uliofunga kile kifuniko ni wangu.”

Bwana Owen hakuwa tayari kumpoteza fundi kama huyo, na alimbembeleza Mwalimu hadi akatulia. Lakini unyapara ambao Thoya alikuwa ameahidiwa alipewa fundi mwenzake, Kiprop, na Thoya aliungoja miaka saba. Tangu hapo, kila sherehe ya mwisho wa mwaka mtu huuliza kama kuna harusi inayotaka moshi. Thoya hucheka pamoja na wengine.

Rasimu niliyopewa na ofisi ilisema kwamba katika miaka yote hiyo kazi yake iliharibika mara moja tu. Sentensi hiyo nimeifuta.

Kwetu Molo ni baridi na unyevu. Kitu cha thamani, mbegu hasa, huning'inizwa juu ya meko kisipate ukungu. Nilipofika Malindi na kuona hewa ya chumvi inakula hata misumari, niliogopa. Gasketi za magari ya zamani zilikuwa chache, zimeagizwa kutoka ng'ambo, za gome laini kama lile la vizibo vya chupa. Nikazitundika juu ya jiko la chai, nikajiona mtunza stoo hodari. Zilikauka pale miezi mitatu, zikasinyaa. Ile ya Mwalimu ilipungua kwa upana wa msumari. Thoya aliivuta kidogo ienee, na ilipopata joto la safari ikapasuka kwenye kona ya nyuma, juu kabisa ya bomba la moshi.

Gari lilikuwa limevutwa kwetu Jumapili, na Jumatatu hiyo alfajiri, kabla Mwalimu hajafika, Thoya alikifungua kifuniko akauona ufa. Alichukua gasketi nyingine kutoka kwenye msumari wangu, akailinganisha na matundu, haikufika. Akailoweka kwenye karai la maji ya uvuguvugu. Tulipomaliza chai ilikuwa imerudi kipimo chake. Aliitazama, akalitazama jiko, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nikilala chumba cha nyuma ya stoo. Kama ningefukuzwa, ningepoteza kazi na kitanda kwa siku moja, na baada ya vurugu za mwaka 1992 kule Molo hapakuwa na nyumba ya kurudia. Yeye alilijua hilo. Saa tatu, Mwalimu alipouliza ni nani, mimi nilinyamaza.

Jioni nilikuta msumari mtupu. Gasketi zote zilikuwa zimelazwa bapa kati ya vipande viwili vya plaiwudi, kwenye rafu ya chini, mbali na jiko. Ilikuwa kazi ya Thoya. Gari la Mwalimu alilifunga upya kwa ile iliyolowekwa, na halijadondosha oili tena. Liko hapo nje sasa hivi. Anayetaka ainame aangalie chini yake.

Wiki iliyopita nilimwendea mkewe, Bi Kache, nikamweleza ninachotaka kuandika. Kumbe alijua tangu siku ile.

“Andika, Njoroge,” aliniambia. “Yeye hatasema, na mimi nimechoka na hiyo harusi.”

Basi, Mwalimu Baya, uliyeketi mstari wa mbele: jina ulilolitaka mwaka 1996 ni langu.

Fundi Thoya, kwa niaba ya gereji nzima nakushukuru kwa miaka thelathini na minane ya kazi isiyo na doa. Spana fupi umeirudisha saa mbili asubuhi, imefutwa safi, nami nimeitia sahihi. Shamba lako la Gede lipate mvua kwa wakati wake, magoti yako yapumzike, na Bi Kache akuvumilie ukianza kuzisikiliza sufuria zake kwa bisibisi.

Kila Desemba watu huniuliza nitarudi lini kwetu, nami hujibu kwamba mwakani. Thoya hajaniuliza hata mara moja. Mwezi uliopita alinipimia kipande cha ardhi kando ya mihogo yake, akasema nipande viazi vyangu vya Molo nione vitakavyonidharau kwenye joto hili la pwani.

Nitavipanda. Molo sirudi.