Ua Lililokauka Gatuanyaga

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Hiyo amina ya upande wa wanaume ni ya watu waliokosa chai. Bwana asifiwe tena!

Mimi ni Mama Nyambura, naishi hapa Ruiru, na mnajua kazi yangu ni kufundisha fasihi katika shule ya upili. Leo sikusimama kushuhudia habari za pombe wala mapepo. Mungu aliniokoa kutoka kwa ishara. Mnacheka? Ngojeni.

Ndugu zangu, miaka mingi nimefundisha tamthilia za tanzia, zile ambazo watu hufa mpaka mwalimu mwenyewe anachoka. Nawaambia wanafunzi kwamba humo ndani hakuna kitu cha bure. Kikombe kikivunjika mwanzoni, kuna mtu atazikwa. Taa ikizimika, hiyo ni huzuni. Mlango ukiachwa wazi, hiyo ni kesho isiyojulikana. Mwanafunzi akiandika hivyo nampa alama zake, tunaendelea.

Kisha Baba Nyambura akafa. Alianguka kazini Thika, mtu aliyetoka nyumbani asubuhi akilalamika tu kwamba uji una moto sana. Tukamzika kwenye shamba letu kule Gatuanyaga. Mnajua desturi yetu: kaburi likishafukiwa, watu wanaitwa kupanda maua, mjane kwanza, halafu watoto, halafu ndugu, marafiki wa kazini, kanisa, chama. Siku hiyo wingu lilikuwa limetanda, na msimamizi wa shughuli alituharakisha kama watu wanaofukuzwa sokoni na askari wa kanjo. Nyambura, mtoto wangu wa pekee, alipanda lake huku akilia, akasogezwa kando, mwingine akaitwa.

Baada ya majuma machache tulirudi kumwagilia. Maua yote yalikuwa yameshika. La Nyambura peke yake lilikuwa limekauka!

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Kina mama mlinitembelea, na Mungu awabariki kwa unga na sukari, lakini jamani, ni lazima kila mmoja atoe neno? Mmoja aliona saa ya ukutani imesimama, akasema Bwana ananena nasi. Betri, dada yangu! Ilikuwa betri! Mwingine, simtaji na yuko hapa hapa, alinivuta jikoni akaninong'oneza, "Mama Nyambura, hilo ua la msichana uliombee. Si bure." Si bure! Maneno yangu ya darasani yamenifuata mpaka kwenye sufuria zangu!

Nilikasirika, ndugu zangu, lakini niliamini. Hiyo ndiyo iliyonichosha zaidi. Nyambura alipopata nafasi ya chuo Eldoret, nilikataa. Nikasema huko ni baridi. Nikasema angoje mwaka ujao. Ukweli ni kwamba mchezo wote nilikuwa nimeshausoma kichwani: baba amekufa, ua limekauka, sasa binti anafunga safari. Mimi si mjinga, najua onyesho linalofuata! Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wangu alizaliwa nyumbani na bado nilimfunga. Na chuo hakimngoji mtu. Asiporipoti, nafasi yake ingepewa mwingine.

Siku za kuripoti zilipokaribia aliniuliza kwa mara nyingine ni kwa nini. Nikaitoa habari ya ua. Mtoto alinitazama mpaka nikaona haya.

"Mum, mimi si mhusika kwa kitabu yako! Mimi ni Nyambura! Si twende tuling'oe basi?"

Tukaenda. Njia nzima niliomba kwa hasira, sitawaficha. Nilisema, "Baba, nimechoka! Kama una neno na mimi, liseme waziwazi. Mafumbo nimesahihisha ya kutosha!"

Tulifika mchana, jua kali, vumbi mpaka kwenye meno. Nyambura akaushika ule mche, akauvuta. Ukatoka wote bila kushindana. Ndugu zangu! Mizizi ilikuwa imejikunja ndani ya karatasi nyeusi, ile ya plastiki ambayo miche inauzwa nayo! Katika ile haraka ya mazishi hakuna aliyeichana. Sisi tulikuwa tunamwaga maji, na maji yanapita nje ya karatasi.

Mtoto akakaa mchangani akacheka, na cheko likageuka kilio. "Nilikuwa nalia, Mum. Sikuona." Nikaketi nikamshika. Siku ile tulimlilia mtu wetu kwa sababu tumemkosa, basi, bila kuuliza kifo chake kinatuashiria nini.

Hofu ilinitoka pale pale. Halleluya! Na tafadhali, asije mtu baada ya ibada kunieleza karatasi ile ni ishara ya nini. Ni karatasi!

Vitabu vyangu bado navipenda na nitaendelea kuvifundisha. Humo kila kitu kina maana kwa sababu mtu aliketi akakipanga, na mwisho ameshauandika. Lakini Mungu wangu hakaushi maua ya yatima ili amtishe mjane. Nilimdhania vibaya! Wewe uliyefiwa, unayemsikiliza bundi usiku na kuwanyima watoto wako kesho yao, mwamini Yeye. Hakuniahidi kunionyesha yaliyo mbele. Aliahidi kwamba nitakapofika huko, Yeye atakuwapo.

Nyambura yuko Eldoret, mwaka wa pili. Tangu jana hajapiga simu. Labda yuko darasani, labda chaji imeisha, labda amenichoka kidogo. Sijui, ndugu zangu. Sijui, na usiku nililala. Msifuni Bwana!