Orville Tveit na Darubini Tatu za Bunduki

Marehemu Orville Martin Tveit alizaliwa tarehe 9 Machi 1944 katika shamba la wazazi wake, Selmer na Agda, karibu na Camp Crook, Dakota Kusini. Theluji ilikuwa imefunga barabara. Daktari alipofika, alikuta mtoto ameshanyonya na kahawa iko mezani.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja, kisha akamaliza sekondari mjini Buffalo mwaka 1962. Mwalimu wake alimsifu kuwa ni kijana asiyekurupuka. Marlys Skogen alilithibitisha hilo, kwani alichumbiwa miaka minne kabla ya ndoa yao ya tarehe 15 Juni 1968. Mungu aliwajalia mabinti wawili, Ardith na Joleen.

Kazi yake ilikuwa kondoo. Masika ya mwaka 2011 koyote, wale mbweha wa nyanda zetu, walimaliza wanakondoo kiasi kwamba Marlys alitamka wazi: “Masika mengine kama haya, mzee, tunauza kondoo wote tunahamia mjini.” Marehemu alikwenda kuitazama darubini ya bunduki yake, ambayo kioo chake kilikuwa na ukungu tangu mabinti wakiwa shuleni.

Shemeji yake, Duane Skogen, alimshauri anunue darubini mpya ya kukuza hadi mara ishirini na nne. Marehemu aliizungusha hadi mwisho wa ukuzaji, kwa kuwa mtu hanunui kitu akatumia nusu. Akapuliza kipenga kinacholia kama sungura aliyeumia. Koyote akaja mbio, akasimama karibu kabisa.

“Uliona nini?” Duane aliuliza.

“Manyoya.”

“Ya sehemu gani?”

“Sikuweza kujua. Yalijaa kioo kizima.”

Ya pili, ushauri wa Duane vilevile, ilikuwa na msalaba wa kulengea wenye vijistari na vinukta vya kupimia umbali na upepo. “Shemeji, humu ndani wamepanda mti wa Krismasi,” marehemu alisema. “Nilikuwa bado namtafuta koyote kwenye matawi, yeye kashaondoka.”

“Ungesoma maelekezo.”

“Koyote hakunisubiri nisome.”

Ndipo Marlys, akimenya viazi, alipouliza: “Kwani wewe unataka kuona nini?”

“Koyote.”

“Basi tafuta ya kuonea koyote. Hizo ni za kumwonyesha Duane.”

Ya tatu ilianza na ukuzaji mdogo, mara mbili na nusu, na kuishia kumi. Msalaba wake ulikuwa mnene pembeni na mwembamba katikati, penye nukta nyekundu ya kuwashwa alfajiri, saa ambayo mistari myembamba humezwa na giza la nyasi. Aliiacha kwenye mara nne. “Akiwa mbali, atakupa muda wa kuzungusha,” alieleza. “Akija karibu, hakupi.” Masika yaliyofuata wanakondoo walikua, na habari ya kuuza ikafa yenyewe. Duane hadi leo anasema kilichosaidia ulikuwa upepo, si darubini.

Mwaka 2021 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo. Bunduki ilipomlemea, Ardith alirudi nyumbani kusaidia, na baba yake akamkabidhi bunduki kwa maneno mawili tu: “Ianzie nne.” Alifariki kwa utulivu akiwa kitandani mwake tarehe 17 Aprili 2024, kondoo wakiwa katikati ya kuzaa.

Ameacha mjane, Marlys, mabinti Ardith na Joleen, wajukuu watano, na shemeji yake Duane, ambaye juzi, kwa nia njema, alimuuliza dada yake kama sasa atahamia mjini.

“Nikafanye nini huko?” Marlys alijibu. “Ardith yuko kilimani tangu alfajiri, na jana hatukupoteza hata mmoja.”

Baada ya maziko kahawa itakuwa katika ukumbi wa chini wa kanisa. Ardith ataomba radhi kuondoka mapema.

Orville apumzike bila wasiwasi. Zizi lina mtu.