Bariki Kaanaeli, Askari wa Zamu Isiyo Yake

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 22 Machi 2025, ni Koplo mstaafu Bariki Kaanaeli. Alizaliwa tarehe 14 Juni 1989 hapa Nkoaranga, mtoto pekee wa marehemu mzee Kaanaeli na mama Tabea. Babu yake alitoka nyumba ya mangi, yaani chifu wetu, akapigana vita vya Mwingereza mpaka Burma. Tangu hapo ukoo ulijiwekea sharti kwamba kila kizazi kitoe askari mmoja, na atoke kwa mtoto mkubwa. Mzee Kaanaeli alikuwa mtoto mdogo.

Shule ya msingi alimaliza mwaka 2003, kidato cha nne mwaka 2007. Aliupenda ualimu tangu utotoni. Mama anasimulia kwamba akitumwa kuchuma kahawa alikuwa anaita majina ya migomba kama mahudhurio, na mgomba ulioinama anaugombeza kwa kusinzia darasani. Mwaka 2008 alipata nafasi chuo cha ualimu. Sanduku lilishanunuliwa Tengeru.

Mwaka huo huo zamu ya jeshi ikafika, nayo ilikuwa ya Godwin, mtoto wa baba mkubwa Sadoki. Godwin alikuwa chuo kikuu, Dar es Salaam. Baba mkubwa akashuka asubuhi kwa mama Tabea, aliyekuwa mjane tayari, na jani la isale mkononi, lile ambalo kwetu ukiletewa huwezi kukataa unachoombwa.

"Mke wa mdogo wangu, nyumba ya mangi haiwezi kukosa askari. Godwin anasoma."

"Na wangu je, shemeji? Anachunga?"

"Akirudi, shamba la chini ya mfereji ni lake. Nimesema."

Mama hakunyoosha mkono. Bariki ndiye aliyelipokea jani. "Mama, tusimchoshe baba mkubwa mkono," akasema, akacheka. Sanduku la chuo ndilo alilokwenda nalo JKT.

Mwaka 2010 aliajiriwa jeshini. Wenzake walimwita Mangi. "Mangi, leo sufuria ni zako!" Naye alikuwa akiwajibu, "Kwetu mangi anaosha, ndugu zake wanapiga picha." Walicheka, lakini hakuwa anatania sana. Picha yake ya gwanda ilitundikwa sebuleni kwa baba mkubwa, na kila mgeni alionyeshwa askari wa ukoo.

Tarehe 7 Januari 2017 alifunga ndoa na Elinipa, aliyeishia darasa la saba. Aliyekosa darasa akapata mwanafunzi mmoja. Kila likizo alikaa jikoni, anamfundisha mkewe Kiingereza kwa mkaa ukutani. Maandishi hayo bado yapo, hakuna anayethubutu kuyafuta. Mwaka uliofuata wakampata binti yao, Esther.

Desemba 2018, akilinda amani nje ya nchi, vipande vya bomu vilimwingia kiunoni. Mwaka 2020 alistaafishwa kwa sababu ya afya, akarudi nyumbani na magongo mawili. Alikuta shamba la chini ya mfereji limezungushiwa waya, ni la Godwin. Alipouliza, baba mkubwa alimjibu, "Mwanangu, wewe si una pensheni?" Krismasi ile, ukoo ulipokusanyika, aliwekwa nje pamoja na wachoma nyama, kwa kuwa magongo yanachukua nafasi.

Aliugua miaka mitano. Kidonda kilikataa kufunga, kisha figo nazo zikachoka. Kutoka kwa baba mkubwa mpaka kitandani kwake ni hatua kama mia mbili. Baba mkubwa alikuja mara moja, kuulizia medali aliyopewa jeshini iliko. Bariki alifariki Jumapili tarehe 16 Machi 2025, saa tatu asubuhi, kengele ya ibada ikilia. Mbele ya mchungaji alikuwa ameomba jambo moja tu: azikwe shamba la chini, maana mjane hafukuzwi penye kaburi la mumewe.

Kikao cha ukoo cha Jumanne kilishampangia kaburi huko juu, kwenye makaburi ya machifu.

"Ni heshima kubwa," alisema baba mkubwa.

"Heshima mngemletea alipokuwa anaweza kusema asante," akajibu mama Tabea. "Shemeji, mlimchukua mzima nikanyamaza. Huyu mniachie."

Watu waliinamisha vichwa. Baba mkubwa akasema, "Haya. Kaburi, si shamba."

"Kaburi lina njia ya kulifikia," mama akasema, "na lina watu wa kulifagia."

Mchungaji akaandika maneno ya wote wawili. Jana Godwin alikuja peke yake na koleo, akakata waya, upana wa jeneza kupita.

Marehemu ameacha mama yake, Tabea, mke, Elinipa, na binti, Esther, aliye darasa la kwanza. Ameacha pia baba mkubwa Sadoki, Godwin na ukoo wote. Mwenye pole asipande kwenda nyumba ya juu. Mke na binti watakuwa hapa, chini ya mfereji, leo na mvua zikianza, na wakishamaliza kulia watalima.

Alale salama Koplo Bariki, mahali alipopachagua mwenyewe.