Salvator Mirindi na Vitesi za Pikipiki za Carama

Baba Padri, shemeji yetu Dévote pamoja na watoto, majirani wa Carama, na ninyi motari mnaotubeba kila siku, ambao leo mmezima pikipiki zenu na kuzipanga hadi ng'ambo ya barabara, asanteni kwa kuja. Mimi ni Akilimali, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, na kwa kuwa yeye hakuwahi kunyamaza wakati mimi ninaongea, leo ndiyo mara ya kwanza nitafika mwisho wa maneno yangu.

Kaka yetu Salvator Mirindi alizaliwa Uvira tarehe 9 Agosti 1964, mtoto wa kwanza wa wazazi wetu, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki, na mwaka 1967 wakavuka naye mpaka, wakaja kukaa hapa Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi, ambako sisi wengine tulizaliwa. Alisoma shule ya msingi hapohapo Buyenzi kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, kisha akaingia shule ya ufundi, akaiacha mwaka 1981 baba alipougua, wala si kwa uvivu kama watu walivyosema, ingawa walimu wake nao walikuwa na maoni yao.

Mwaka 1982 alipokelewa na Mzee Uthmani, fundi Mwislamu wa Buyenzi aliyemlea kama mwanawe, akamfundisha kufungua injini, na zaidi ya hapo akamfundisha kutoifungua. Kwa Mzee Uthmani, pikipiki ikija na shida ya vitesi, yaani gia zake, iwe vitesi inagoma kuingia, au inaruka yenyewe, au dereva anaitafuta neutre, pale ambapo hakuna gia iliyoingia, na haioni, fundi anaanzia nje, anapima waya wa embreyaji, ile klachi, kama umekaza au umelegea, anaangalia mafuta ya injini ni kiasi gani na yana rangi gani, anatikisa pedali ya vitesi kuona kama imeshika vizuri kwenye chuma chake, na akishamaliza yote hayo ndipo anaruhusiwa kugusa embreyaji yenyewe, huku gia na fursheti zinazozisukuma zikiwa za mwisho kabisa. Kwa kanuni hiyo marehemu alifungua garaji yake hapa Carama tarehe 3 Mei 1999, na kazi yake ikajulikana hata Kibenga na Mutanga Nord. Alikuwa anapanda pikipiki, anafumba macho, anakanyaga pedali mara chache kwa mguu wa kushoto, halafu anakwambia ugonjwa uko wapi, na mimi niliyeshuhudia hayo miaka yote nasema bila aibu kwamba sijaona fundi mwingine wa namna ile.

Alikuwa mkali, tusifichane. Petroli ilipoanza kuwa haba, motari wanaoteremka milimani na mizigo ya ndizi walizoea kuzima injini na kuiacha pikipiki ishuke yenyewe katika neutre ili wabane mafuta, wakifika chini wanawasha na kukanyaga vitesi kwa nguvu wakati magurudumu bado yanakimbia, gia zinagongana, meno yanalika, na baada ya muda vitesi haikai tena mahali pake. Marehemu alikuwa anawatambua kabla hawajashuka kwenye kiti, anawafokea mbele ya abiria wao, halafu anawatengenezea, na siku ya pili yake wanarudi kumsalimia.

Jumamosi tarehe 20 Julai 1991 alifunga ndoa takatifu na Dévote, mke aliyemvumilia na harufu yake ya mafuta, nao wakajaliwa watoto wawili, Arnaud aliyezaliwa mwaka 1993, ambaye ni mwalimu, na Ingrid aliyezaliwa mwaka 1998, ambaye tangu mwaka 2019 alifanya kazi na baba yake garajini na kuchukua ujuzi wake wote. Lakini motari hawakumtaka, walimwona kama mtu wa kumshikia mzee spana, na hilo ndilo lililokuwa linamnyima kaka yangu raha, kwamba siku atakapoondoka, binti huyu atakaa peke yake ndani ya garaji tupu na ujuzi wote huo mikononi.

Jumapili tarehe 11 Februari 2024, akijitayarisha kwenda misa, alipatwa na kiharusi kilichouchukua upande wake wa kushoto, pamoja na mguu ule aliokuwa anasomea vitesi, na siku alipoelewa kwamba hautarudi, kaka yangu alilia, nami nililia naye. Alirudi garajini akikaa kwenye kiti, Ingrid akifanya kazi, lakini motari walipoelezwa jambo na Ingrid waligeuka kumtazama mzee, kama vile binti hajasema kitu.

Mwezi wa Agosti mwaka huu alikuja motari wa Kinama anayeitwa Radjabu, ambaye yuko hapa leo, pikipiki yake ikiruka kutoka vitesi ya pili kila akipanda mlima na abiria. Marehemu, pale kwenye kiti, akamhukumu mara moja kwamba amezoea kuteremka injini imezimwa, akaamuru injini ifunguliwe, Radjabu naye akaapa, "Mi nateremukaka na vitesi, Mungu anaona." Ingrid alikuwa amepiga magoti upande wa kushoto wa pikipiki, akasema bila kuinua kichwa, "Apana, Papa, mi sifungui, tuanzie inje," na hapo garajini hakuna mtu aliyewahi kumwambia Salvator neno la namna hiyo. Kumbe Radjabu, ili asichakaze kiatu, alikuwa amefunga kipande cha ndala juu ya pedali kwa mpira uliokatwa kwenye chambre ya gurudumu, na fundo lake kwa chini lilikuwa linagonga chuma cha kuwekea mguu kabla pedali haijafika mwisho, hivyo vitesi ilikuwa inaingia nusu, na ikipata mzigo inatoka. Ingrid alilikata fundo kwa kisu, akapanda nyuma ya Radjabu, wakaupanda mlima, wakarudi, na vitesi ya pili haikutoka tena.

Kaka yangu, ambaye nusura afungue injini nzima isiyo na ugonjwa, alicheka mpaka Dévote akaja mbio akidhani ni kiharusi kingine, kisha akasema mbele ya wote, akimwonyesha Ingrid, "Mi ndiye nimekosea, huyu apana." Tangu siku hiyo motari akimuuliza jambo alikuwa anajibu, "Uliza fundi," halafu anageuza uso upande mwingine, na kabla mwezi wa Septemba haujaisha wakawa wanamuuliza Ingrid bila kuambiwa.

Tarehe 6 Oktoba 2025 hali yake ilibadilika, akalazwa, na Alhamisi tarehe 16 asubuhi akatutoka, akiwa na umri wa miaka 61, ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Carama waliotuletea maji, chakula na viti kabla hatujaomba, jamaa za Mzee Uthmani waliokuja kulala msibani pamoja nasi, mafundi wenzake, na motari wote.

Siku mbili kabla ya kuondoka aliniita karibu na kitanda, akanishika kwa mkono uliobaki na nguvu, akanipa agizo ambalo nalitimiza sasa kama alivyolisema, "Mukinisomea historia, musiseme fundi amekufa. Fundi iko ku garaji. Museme baba ya fundi."

Ndugu waombolezaji, tunayemzika leo ni Salvator Mirindi, baba ya fundi. Kaka, lala kwa amani ya Mungu.