Gatwekera Haina Mgonjwa

Benchi letu liko Gatwekera, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, hatua chache kutoka reli, pale Kageha anapouza kahawa ya tangawizi hadi thamosi iishe. Ni ubao mmoja juu ya mawe mawili. Mwisho wa ubao hukaa Khaemba, anayelinda geti ya watu wakubwa na kuongea kama yeye ndiye serikali, kwa hivyo tunamwita Waziri. Katikati ni Muia, fundi wa redio, anayetembea kwa miguu kutoka Kabiro kule Kawangware. Yeye ni Antena, kwa sababu hakuna habari inayompita, ingawa nyingi humfikia zikiwa na chenga. Mimi nashona viatu na wananiita Soli. Jumamosi hiyo jua lilikuwa limetuchosha kabla ya saa nne na hakuna aliyetaka kubishana, lakini Antena alikuwa amesikiliza redio.

Antena: Jana kuna watu wa redio walikuwa wanajipigia makofi. Ati corona ilipokuja, wao waliripoti vizuri, taifa likapona.

Waziri: Taifa gani hiyo?

Antena: Si hii hii yetu, buda.

Waziri: Mimi nakumbuka kila mchana tunakaa mbele ya TV tunasomewa namba kama bahati nasibu. Nairobi ngapi, Mombasa ngapi. Unangoja Gatwekera isomwe. Haisomwi.

Mimi: Si ilikuwa afadhali?

Waziri: Afadhali gani? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Corona ilikuja, ikatupata tumeshapona, na hakuna mtu alituuliza tumepona aje.

Nilikuwa nimechoka kumrekebisha methali. Miaka kumi mtu anakoroga maneno ya wahenga, mwishowe unamwachia sufuria.

Antena: Mimi nilichunguza hiyo maneno. Namba zilikuwa zinashuka wikendi, Jumatatu zinapanda. Kwa nini? Ripota hafanyi kazi wikendi. Ugonjwa ulikuwa na likizo.

Waziri: Hiyo ni kidogo. Mdosi wa kwa geti yetu alipimwa mara tatu, kwa vile ako na simu tatu. Gazeti ikaandika wagonjwa watatu. Mtu ni mmoja.

Antena: Na huku je? Walikuwa wanahesabu na satelaiti. Ikifika juu ya Gatwekera inaona mabati tu, inang'arang'ara, inaandika sufuri, inaenda zake Karen kwa matajiri.

Waziri: Ndio maana wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Mimi: Nguo gani sasa?

Waziri: Barakoa.

Kageha alicheka kwa pua, akageuka kusuuza vikombe. Hicho kicheko kilimpa Waziri moto wa kuendelea.

Waziri: Lakini tuseme ukweli. Huku watu waliugua, ni vile walinyamaza. Na mficha maradhi...

Hakuimaliza. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Waziri alikuwa karibu kutumia methali mahali pake, na aliyekuwa akiisikia ni Kageha. Antena alimkanyaga mguu. Kageha aliendelea na vikombe vyake kama hakusikia, na nadhani alisikia vizuri kuliko sisi.

Wa nne wetu alikuwa Timothy, mume wa Kageha, mtu wa kazi ya mjengo. Juni ya mwaka ule wa corona alikohoa wiki nzima, na Jumatatu alfajiri pumzi ikakatika akiwa amekaa kitandani. Tulijua ni nini. Lakini ukisema corona, wanakuja watu wa nguo nyeupe, wanamzika haraka, watoto wanapelekwa karantini na ploti nzima tunakopanga inaogopwa kama choo kilichobomoka. Kageha alitaka mumewe arudi Vihiga, alale kwake usiku mmoja, aimbiwe na watu wake. Akatuomba tuseme malaria. Tukaandikisha kifo tukasema malaria, tukawaambia wapangaji malaria, na watoto wake wakaambiwa hivyo hivyo. Sijutii hata siku moja kwamba Timothy alifika kwao. Ila huo uongo ni mzigo, na mimi umenichosha mgongo.

Basi Waziri akiwa bado na methali yake mdomoni, akatokea Lavender, kifungua mimba wa Kageha, akiruka reli na begi mgongoni. Yuko chuoni, mwaka wa kwanza, anasomea uandishi wa habari. Jumamosi huja kumwona mama yake.

Lavender: Mko aje, wazee?

Waziri: Tuko, ripota wetu. Kunywa kahawa.

Lavender: Afadhali nimewapata wote. Lekchara ametupea kazi. Kila mtu atafute habari moja ya gazeti ya wakati wa corona, aipime kama iliandikwa poa. Mimi nimepata ya huku. Na nyinyi mko ndani.

Alitoa karatasi ya fotokopi. Antena aliidaka kabla haijafika kwa mwingine. Juu kulikuwa na herufi kubwa: GATWEKERA HAINA MGONJWA. Chini ni sisi watatu kwenye ubao huu huu, barakoa zimeshikilia videvu.

Antena: Manze, nilikuwa na nywele.

Waziri: Leta hapa. Ona. "Corona ni ya watu wa kupanda ndege, asema Bwana Khaemba, mkazi." Hiyo ni mimi. Ameandika vile nilisema, neno kwa neno.

Nilimkumbuka huyo ripota. Alivaa glavu, akasimama mbali, akatunyooshea maikrofoni iliyofungwa kwenye kijiti cha ufagio. Aliuliza kama kuna mgonjwa hapa kwetu. Tukasema hakuna, wote watatu, kabla hajamaliza kuuliza. Aliandika, akashukuru, akarudi zake. Hakuingia kwenye ploti hata moja.

Lavender: Hii gazeti ni ya Jumatano, tarehe kumi na saba. Ripota alikuja Jumanne.

Waziri: Inaweza kuwa.

Lavender: Baba alikufa Jumatatu, siku moja kabla.

Kageha aliacha kusuuza. Kikombe kilikuwa bado mkononi, maji yakimdondokea kwenye lesu.

Antena: Hizi gazeti saa zingine hukosea tarehe, Lavender.

Lavender: Niliangalia kalenda, anko.

Waziri: Na unajua ripota, mtoto yangu. Unasema hivi, anaandika vingine.

Lavender: Si umesema saa hii aliandika neno kwa neno?

Waziri alipeleka kikombe mdomoni. Kilikuwa kimeisha kitambo, lakini alikunywa tu.

Lavender hakupandisha sauti. Angepiga kelele ningepata pa kujificha, ningemwambia aheshimu wakubwa. Aliongea kama mtu aliyetembea na hayo maneno safari ndefu na sasa anataka tu kuyaweka chini.

Lavender: Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Tulikuwa tunalala nyumba moja, pazia tu katikati. Wiki nzima nilimsikia. Malaria haikohoi hivyo.

Mimi: Lavender, kaa kwanza.

Lavender: Sijakuja kuwagombanisha, anko Soli. Nataka kumaliza kazi ya shule. Lekchara ametupea maswali. Ripota alienda mwenyewe? Nimeandika ndiyo. Aliongea na wenyeji? Ndiyo. Ako na picha? Ndiyo. Mpaka hapo hii habari imepita. Imebaki moja.

Alitoa karatasi nyingine na kuiweka juu ya goti la Waziri, akaweka kidole kwenye swali.

Lavender: Wale aliongea nao, ni watu wa kuaminika? Niandike nini?

Waziri nimemsikia akijibu kuhusu bajeti, kuhusu Mungu, hata kuhusu vita vya nchi asizojua ziko wapi. Sasa alikuwa akipangusa vumbi gotini, kandokando ya ile karatasi. Antena alikunja fotokopi mara nne, akaikunjua, akaikunja tena. Mimi nilikuwa na kiatu cha mtu mapajani, nikakiangalia kana kwamba kina jibu ndani. Niliona aibu, na si aibu ya kusema uongo. Niliona aibu kwamba kwa miaka yote hiyo tulikuwa tumeketi mbele ya huyu mtoto tukiwasema wanahabari.

Kageha alifuta mikono kwenye lesu. Akafunga thamosi, ingawa kahawa ilikuwa bado nusu, akaja akasimama karibu na binti yake.

Kageha: Andika hapana.

Lavender: Mama.

Kageha: Hao mimi ndiye niliwaambia wadanganye. Na wewe nilikudanganya mwenyewe. Nilitaka baba yako azikwe kama mtu. Ikiwa kuna mahali pa jina, weka langu.

Lavender alifungua kalamu, akaivuta ile karatasi kutoka gotini kwa Waziri. Lekchara alikuwa ameacha mstari mmoja tu wa jibu.